Kabrasha Lililojaa: Kwa Nini Kompyuta ya Ofisi ya Kata Huganda

(Maelezo ya Afisa TEHAMA wa Halmashauri kwenye mkutano wa wananchi wa kata. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeitwa kujibu swali lililoulizwa katika mkutano uliopita. Liliulizwa kwa uchungu, hivyo linastahili jibu lisilozungukazunguka. Mwananchi anafika dirishani asubuhi kuomba nakala ya kibali chake cha ujenzi. Karani anafungua kompyuta, kisha wote wawili wanakaa wakitazama alama ya kusubiri. Dakika zinapita, kioo kinakuwa cheupe, programu inajifunga yenyewe, na mwananchi anaambiwa, "Mtandao unasumbua, njoo kesho." Akirudi kesho anakuta hali ni ileile. Wapo waliolipa nauli ya bodaboda mara tatu kwa ajili ya karatasi moja, na miongoni mwao wapo waliokuwa wakiihitaji karatasi hiyo kwa shauri la mpaka wa kiwanja, ambalo halisubiri kompyuta ipone.

Mkutano ule ulitoa mapendekezo mawili. La kwanza, fedha za mapato ya ndani zitengwe kununua kompyuta mpya. La pili, nyaraka za miaka ya nyuma zifutwe ili kompyuta ipate nafuu. Nimekuja kuomba pendekezo la kwanza lisubiri kidogo, na la pili lifutwe kwenye muhtasari wa kikao kabla ya nyaraka yoyote kufutwa kwenye diski.

Kwanza niuondolee mtandao lawama isiyo yake. Nyaraka tunazozizungumzia zilipigwa skani na kuhifadhiwa ndani ya kompyuta iliyo katika chumba kilekile. Ukichomoa waya wa mtandao, kabrasha linafunguka polepole vilevile. Jaribio hilo linachukua dakika moja na halihitaji fundi. Likifanyika mbele ya mwananchi, neno "mtandao" litapumzika.

Sasa tuingie ndani ya kabrasha, au folda kama wengi tunavyoita. Tangu siku skana ilipofika, kila karatasi iliyoskaniwa iliwekwa kwenye kabrasha moja: vibali vya ujenzi, leseni za biashara, mihtasari ya vikao, barua za utambulisho, stakabadhi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki sasa kina makumi ya maelfu ya mafaili. Kila faili peke yake ni dogo, na diski bado ina nafasi tele. Hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa maana tumezoea kudhani kwamba kompyuta hulemewa na uzito wa vitu tu. Hulemewa na idadi pia.

Wazee waliofanya kazi masjala watanielewa upesi. Kabrasha la kompyuta halibebi karatasi zenyewe tumboni mwake. Lina daftari lenye majina ya mafaili, na kila jina linaonyesha mahali faili lilipo kwenye diski. Katika mifumo ya zamani ya kuhifadhi mafaili, kama FAT iliyoanza miaka ya 1970, au ext2 ya Linux ya miaka ya 1990, daftari hilo halikupangwa kwa mpangilio wowote. Kompyuta ikitafuta jina, husoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi ilipate au daftari liishe. Ikitaka kuandika jina jipya, hulazimika kwanza kulisoma daftari zima ili kuhakikisha kwamba hakuna faili jingine lenye jina hilohilo.

Tufanye hesabu. Ukiweka mafaili 10,000, moja baada ya jingine, katika daftari la namna hiyo, kompyuta hulinganisha majina takriban mara milioni 50. Ukiweka 20,000, hulinganisha takriban mara milioni 200. Mafaili yameongezeka maradufu, lakini kazi imeongezeka mara nne. Ndiyo maana makarani wetu wanasema, na wanasema kweli, kwamba mwaka wa kwanza kompyuta ilikuwa nyepesi, mwaka wa pili ikawa ya wastani, na mwaka wa tatu ikagoma. Hakuna aliyeiharibu siku moja.

Wataalamu waliliona tatizo hili mapema. Rudolf Bayer na Edward McCreight, walipokuwa wakifanya kazi Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970, walibuni namna ya kupanga faharasa kwa matawi, iitwayo B-tree, ambayo huifikisha kompyuta kwenye jina kwa hatua chache hata pale majina yanapokuwa mamilioni. NTFS, mfumo unaotumiwa na Windows tangu mwaka 1993, hupanga majina kwa njia hiyo. Kwa upande wa Linux, Daniel Phillips alieleza mwaka 2001 namna ya kuipatia ext2 faharasa inayokaribiana na hiyo, na ext3 na ext4 zikairithi.

Mtu atauliza: kama kompyuta ya kata inatumia Windows na NTFS, na faharasa ipo, mbona inaganda?

Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha ugonjwa wetu. Faharasa humsaidia anayejua jina la anachokitafuta. Karani wetu hatafuti kwa jina. Anabonyeza kabrasha mara mbili, na kwa kitendo hicho anaiambia kompyuta: niletee kila kitu kilichomo, unipangie kwa tarehe, unionyeshe ukubwa wa kila kimoja, na unichoree picha ndogo ya ukurasa wake wa kwanza. Ili kuchora picha hiyo ndogo, kompyuta lazima ilifungue faili lenyewe. Diski ya sahani zinazozunguka, kama iliyomo ofisini, inaweza kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine takriban mara 100 tu kwa sekunde. Mafaili 20,000, hata kwa mruko mmoja kwa kila faili, ni sekunde 200, yaani zaidi ya dakika 3, na hapo picha hazijachorwa. Kisha programu ya kukinga virusi nayo husimama mlangoni na kukagua kila faili linalofunguliwa. Wakati huo orodha inazidi kuvimba kwenye RAM ya kompyuta, na RAM ikijaa, programu inayoonyesha mafaili hujifunga. Karani huifungua tena, na safari huanza upya kutoka faili la kwanza.

Naomba hili lieleweke vizuri: kilichokufa pale ni dirisha la kutazamia, na mafaili yako palepale. Njia ya kuthibitisha ni nyepesi. Karani aandike jina kamili la faili analolijua, pamoja na njia ya kulifikia, bila kufungua kabrasha. Kama linafunguka mara moja, basi diski ni nzima na kosa liko kwenye kuorodhesha. Tulifanya hivyo katika ofisi moja ya kata, na kibali ambacho mwenyewe alikuwa amekisubiri tangu saa mbili asubuhi kilifunguka kabla karani hajakaa vizuri kwenye kiti.

Lipo jaribio la pili, ambalo nashauri lifanywe na yeyote mwenye kompyuta inayochechemea, iwe ya shule, ya SACCOS, au ya duka la stationari. Nakili faili moja kubwa, tuseme video ya ukubwa wa GB 1, uone muda unaotumika. Kisha nakili kabrasha la mafaili madogo maelfu kadhaa, yenye jumla ya ukubwa uleule. Kama faili kubwa linapita vizuri na madogo yanasuasua, ugonjwa ni idadi. Lakini kama hata lile kubwa linakwama njiani, au diski inatoa mlio wa kugongagonga, acha kila kitu. Diski hiyo inakufa, na kila saa unayoendelea kuifanyisha kazi unapunguza nafasi ya kuokoa kilichomo. Kwa hali hiyo kununua diski mpya ni haki kabisa, na wala pasiwe na mjadala wa wiki mbili.

Nije kwenye flashi, maana huko ndiko malalamiko ya ajabu zaidi yanakotoka. Ofisi kadhaa hupeleka nakala zao wilayani kwa flashi. Karani ananakili, na katikati ya kazi kompyuta inasema hakuna nafasi, ilhali flashi iko nusu tupu. Anachukua flashi nyingine, mambo ni yaleyale. Mwisho anaambiwa amenunua flashi bandia.

Flashi nyingi hutumia mfumo wa FAT32, na daftari la kabrasha katika FAT32 lina kikomo cha mistari 65,536, hata flashi iwe na ukubwa gani. Nyongeza yake ni hii: jina refu halitoshi kwenye mstari mmoja. Mbali na mstari wa faili lenyewe, kila herufi 13 za jina huhitaji mstari wake. Chukueni jina kama Kibali_cha_Ujenzi_Kijiji_Kiwanja_0147.pdf. Lina herufi na alama 41, kwa hiyo linakula mistari minne ya jina na mmoja wa faili, jumla mitano. Gawanyeni 65,536 kwa 5, mtapata 13,107. Kabrasha litagoma likifikisha mafaili elfu 13 na ushei, hata kama flashi ina nafasi ya kubeba mara kumi ya hayo. Muuza flashi hana kosa. Jina la faili lingekuwa fupi, au mafaili yangegawanywa kwenye makabrasha kadhaa ndani ya flashi ileile, safari ingekamilika.

Majina yana madhara mengine hata kwenye NTFS. Mpangilio wa zamani wa Windows hulipatia kila faili jina la pili, fupi, lenye herufi nane na tatu za mwisho, kwa ajili ya programu za kale. Majina elfu makumi yanapoanza kwa herufi zilezile, "Kibali", "Kibali", "Kibali", kompyuta hupata taabu kubuni majina mafupi yasiyofanana. Microsoft yenyewe hushauri mtindo huo uzimwe kabrasha linapofikisha mafaili 300,000 au zaidi, hasa kama herufi sita za mwanzo za majina yake zinafanana. Sisi hatujafika huko, na sitaki tufike. Kinachotutofautisha kitangulie: mwaka, kijiji, namba. Neno "Kibali" linaweza kukaa kwenye jina la kabrasha, likaandikwa mara moja tu.

Sasa nizungumzie kitu kinachonitia hofu kuliko kuchelewa. Umeme hukatika wakati karani ananakili, au mtu mwenye haraka huichomoa flashi taa yake ingali inawaka. Mfumo kama NTFS au ext4 huandika kwanza kwenye shajara yake kile unachokusudia kufanya, hivyo umeme ukirudi hujua pa kuanzia. FAT32 haina shajara. Ikikatizwa katikati, karatasi zinaweza kuwa salama lakini daftari likavurugika, majina yakaonyesha pasipo, au kabrasha likafunguka tupu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani kama walikuwa na flashi akilini, lakini wamepatia.

Hapo ndipo mikono ya wema huleta maafa. Kompyuta inauliza: "Je, ungependa kurekebisha diski hii?" Karani anakubali. Programu ya kurekebisha haina huruma na karatasi zako. Kazi yake ni kulifanya daftari lisipingane. Ikikuta sehemu isiyo na jina, inaweza kuipachika jina la kubuni au kuikata kabisa. Utaratibu tunaoutaka katika kata zote ni kwamba kifaa kilichovurugika kitolewe kwa usalama, kisiandikwe chochote, kiletwe kwetu, sisi tutoe kwanza nakala ya diski nzima, na marekebisho yafanyike kwenye nakala hiyo. Ile ya asili isiguswe. Fundi wa mtaani atakayekubali kufuata mpangilio huo ni fundi mzuri. Atakayeanza na kurekebisha, mwondokee kwa adabu.

Kuhusu kufuta nyaraka za zamani, nasema kwa msisitizo: haifai. Kibali cha zamani ndicho hasa kinachotafutwa baba anapofariki na watoto wakagombana. Tena si uamuzi wa karani wala wangu. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa nani anaamua nyaraka ya umma itunzwe au iteketezwe, na wepesi wa kompyuta haumo miongoni mwa sababu. Na niongeze jambo linalowashangaza hata mafundi: katika baadhi ya mifumo, ext4 ikiwamo, daftari lililonenepa kwa kawaida halipungui kwa kufuta mafaili. Kurasa tupu hubaki, na kompyuta huendelea kuzipekua. Ungepoteza historia ya kata na bado ukasubiri dirishani.

Kompyuta mpya? Sikatai kwamba diski ya SSD, isiyo na sahani za kuzunguka, ingepunguza kusubiri kwa kiasi kikubwa. Lakini mkihamisha kabrasha lilelile, lenye tabia ileile ya kuongezeka kila siku, mtakuwa mmenunua muda, na muda huo utakwisha. Kugawa kabrasha hakugharimu shilingi moja, isipokuwa jasho la siku mbili.

Mgawanyo wenyewe utafuata mwaka kwanza, kisha kijiji, kisha aina ya nyaraka. Karani anayetafuta kibali cha kijiji fulani cha mwaka 2019 atafungua kabrasha lenye mamia machache ya mafaili, nalo litafunguka papo hapo. Hata wataalamu wa programu hufanya vivyo hivyo. Git, programu ya kutunzia kazi za waandishi wa programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huyagawa mafaili yake katika makabrasha yasiyozidi 256 kwa kufuata alama mbili za mwanzo za jina, kwa kuhofia jambo hilihili. Masjala zetu zilijua hayo kabla ya umeme kufika.

Ila dawa isizidi ugonjwa. Kuna aliyependekeza kila mwananchi awe na kabrasha lake. Hapo tutakuwa tumebadilisha maelfu ya mafaili kwa maelfu ya makabrasha, na daftari litakuwa refu vilevile. Ext3, kwa mfano, hukataa kabrasha jipya pale yanapofikia 31,998 ndani ya kabrasha moja.

Kazi itakwenda hivi. Kwanza, nakala rudufu mbili za kila kitu, moja ibaki kata na nyingine ije wilayani, zote kwenye diski za ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzilinde taarifa zenu, hivyo nakala haitatembea kwenye flashi ya mtu binafsi wala kwenye simu. Pili, tutahesabu mafaili ya asili na ya nakala, na hesabu hizo lazima zilingane kabla ya kuhamisha faili hata moja. Tatu, tutahamisha kwa mafungu, mwaka mmoja baada ya mwingine, siku za Jumamosi na Jumapili ili dirisha lisifungwe siku za kazi. Tutazima uchoraji wa picha ndogo. Programu ya kukinga virusi itabaki, ila ukaguzi wake mkubwa utafanyika baada ya saa za kazi. Kompyuta pia itawekewa UPS, na hicho ndicho kifaa pekee ninachoomba kamati ikinunue sasa.

Kwenu wananchi nina maombi machache. Mnapokuja dirishani, njooni na namba ya kibali au ya stakabadhi, au angalau mwaka na jina la kijiji, kwa sababu kuanzia sasa hivyo ndivyo vitakavyomwongoza karani. Aliyewahi kuambiwa kwamba karatasi yake imepotea kwenye kompyuta asikate tamaa, wala asianze kuomba upya na kulipa tena. Ampe Mtendaji wa Kata jina lake na aina ya nyaraka aliyoiomba. Orodha hiyo tutaipitia wakati wa kuhamisha, na majibu yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Na ukiambiwa tena "mtandao unasumbua", una haki ya kuomba, kwa upole, waya uchomolewe mkajaribu pamoja.

Mheshimiwa Diwani, naomba niishie hapa ili wenye maswali wapate nafasi.